Sindano ya epidura: namna ya kuamua, kujiandaa na kujitunza ukishachomwa

Nimechomwa sindano hii mara mbili, kwa ajili ya mguu wa kushoto. Nasema mguu ingawa sindano iliingia mgongoni, na hilo ndilo la kwanza kulishika. Epidura, yaani dawa ya kushusha uvimbe inayowekwa jirani na mishipa ya fahamu, huchomwa mgongoni au shingoni, ila maumivu inayoyawinda ni yale yanayosafiri kwenda mguuni au mkononi. Wengi wanaonifuata kuuliza habari za "ile sindano yako" wana kiuno kinachouma na kuishia palepale kiunoni. Hao nawakatisha tamaa mapema, kabla hawajauza mbuzi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si daktari. Haya niliyaokota katika miezi kumi na minne ya kutembea na bahasha ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, kwapani, nikiuliza maswali mpaka nesi mmoja akanibatiza jina la Mwalimu Kwanini. Yachukue kama maneno ya mtu aliyetangulia kupita njia hiyo. Uamuzi wa kuchoma au kutochoma ni wako na daktari aliyekupima kwa mikono yake.

Dawa inaingia wapi hasa

Mgongo ni pingili juu ya pingili, na katikati ya pingili mbili kuna diski. Ifikirie kama kitumbua: nje kimekauka, ndani kilaini. Ukingo wake ukichanika, ule ulaini wa ndani hutoka na kukaa jirani na mzizi wa neva, yaani mshipa wa fahamu unaoelekea mguuni. Neva hapo hubanwa, na juu ya kubanwa huwashwa na ule ute wa diski mpaka ikavimba. Ndiyo maana dawa ya kushusha uvimbe inaweza kukupa nafuu hata kama diski haijasogea hata kidogo.

Uti wa fahamu wenyewe umefungwa ndani ya utando mgumu wenye maji. Nje ya utando huo, kabla hujakutana na mfupa, kuna nafasi nyembamba yenye mafuta na vijishipa vya damu. Hiyo ndiyo nafasi ya epidura. Daktari anaweka humo steroidi, ndiyo hiyo dawa ya kushusha uvimbe, mara nyingi pamoja na dawa ya ganzi kama lidokaini au bupivakaini. Wazo lenyewe ni la siku nyingi: mwaka 1901 jijini Paris, Sicard na Cathelin, kila mmoja kivyake, walipitisha kokeini kwenye tundu lililo mwisho wa uti wa mgongo, juu kidogo ya makalio. Steroidi ziliongezwa miaka ya 1950.

Mama mkwe wangu aliniuliza kama ni ile wanayochomwa wajawazito. Ndiyo na hapana. Epidura ya uchungu wa uzazi huingia nafasi hiyohiyo, ila hiyo ni ganzi ya saa chache. Na ile wanayochomwa akina mama wengi kwetu wakati wa upasuaji wa kujifungua hupenya utando na kuingia kwenye maji. Kuna usemi kila mtaa kwamba "tangu nichomwe sindano ya mgongo wodini, kiuno hakijapona." Tafiti zilizowafuatilia akina mama hazikuona kwamba sindano ndiyo inayoleta maumivu ya miaka. Mimba yenyewe, na mtoto wa kilo kumi anayebebwa mgongoni kutwa, vinatosha kuchosha kiuno. Nayo sindano ya kutoa maji ya mgongo kwa mtu anayehisiwa ana homa ya uti wa mgongo ni kipimo, haihusiani na hii.

Hatua ya 1: chora maumivu yako

Chukua karatasi usiku maumivu yanapokuwa makali. Pitisha kidole juu ya mwili kufuata njia yanayopita, kisha ichore. Kila mzizi wa neva una mtaa wake, na ukimpelekea daktari mchoro mzuri umempunguzia nusu ya kazi.

Yakipita mbele ya paja, gotini na upande wa ndani wa ugoko, mtuhumiwa ni mzizi wa L4 (L ni pingili za kiunoni, S ni mfupa ulio chini yake, C ni shingo, na namba huhesabiwa kutoka juu). Yakipita upande wa nje wa ugoko na juu ya mguu hadi kidole gumba, ni L5. Yakishuka nyuma ya paja, kwenye shavu la mguu, mpaka ukingo wa nje wa unyayo na kidole cha mwisho, ni S1. Kwa shingo ni hivyohivyo mkononi: kidole gumba huelekeza C6, kidole cha kati C7, kidole cha mwisho C8. Mitaa hii haina kuta, huingiliana, lakini inasaidia.

Wangu ulikuwa L5. Ilikuwa kama mtu ananimiminia maji ya moto kuanzia kwenye tako, yanateremka pembeni ya ugoko na kukusanyika kwenye kidole gumba. Nikipiga chafya naona nyota. Nilipojaribu kutembea kwa visigino, mguu wa kushoto ulikuwa unadondoka, tap, tap, kama kandambili iliyokatika mkanda. Jaribu na wewe. Kutembea kwa visigino hupima L4 na L5, kutembea kwa vidole hupima S1. Ukiona upande mmoja unashindwa, andika tarehe.

Hapohapo jikague kwa mambo ambayo hayasubiri foleni ya kliniki. Ganzi sehemu unazokalia, kati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila habari, kinyesi kukuponyoka, miguu yote miwili kulegea. Ukiwa na mojawapo pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali yenye upasuaji siku hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa shingo, dalili ya kutisha ni mikono kuwa mizito kufunga vifungo huku miguu ikiyumba, maana hapo kinachobanwa ni uti wa fahamu wenyewe.

Kuna na jingine linalotuhusu sana huku kwetu. Homa za jioni, kutoka jasho usiku, kukonda na pingili moja inayouma ukiigonga vinaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo. Si lazima ukohoe. Steroidi ikiwekwa juu ya ugonjwa huo inashusha kinga na kuuachia uwanja. Aliyewahi kuugua saratani naye asikubali sindano kabla mgongo haujapigwa picha.

Hatua ya 2: upe mwili nafasi yake, lakini usilaze damu

Wengi wenye maumivu mapya ya neva ya mguu hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila sindano yoyote. Kipande cha diski kilichotoka kinaweza kunywea chenyewe. Mwili hukila taratibu. Kwa hiyo ukiambiwa ukachomwe wiki ya pili ya ugonjwa na bado unatembea na unalala usingizi, una haki ya kuuliza haraka ni ya nini.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, unaruhusu kufikiria epidura kwa maumivu ya neva ya mguu yaliyo mapya na makali. Mwongozo huohuo unakataza kuitumia kwa watu ambao njia ya uti wa fahamu imesinyaa na miguu inachoka wakitembea. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwachukua watu 400 wenye tatizo hilo la kusinyaa, wengine wakachomwa steroidi na ganzi, wengine ganzi peke yake. Baada ya wiki sita tofauti ilikuwa ndogo mno au haikuwepo. Kisha mwaka 2025 jopo moja lilichapisha kwenye jarida la kitabibu la BMJ ushauri mkali dhidi ya sindano hizi kwa maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi mitatu, hata yale yanayoshuka mguuni. Madaktari wengi wanaozichoma walipinga, na mabishano hayajaisha.

Ninavyoisoma mimi vita hiyo ni hivi: sindano ina nafasi nzuri zaidi pale mambo matatu yanapokutana. Maumivu ya mguu au mkono yanazidi ya mgongo au shingo. Yana wiki au miezi michache, si miaka. Na picha ya MRI inaonyesha tatizo upande uleule na pingili ileile ambayo mchoro wako umeitaja. Hilo la tatu lisidharauliwe, maana ukiwapiga MRI watu wazima wasioumwa kitu, wengi utawakuta na diski zilizotokeza. Picha peke yake haichomwi sindano.

Mara ya kwanza nilichomwa wiki ya saba, nikiwa silali. Ya pili nilichomwa mwezi wa tisa. Utaona tofauti huko mbele.

Hatua ya 3: kagua mahali na uulize wazi

Kituo cha kwanza nilichokwenda, sitakitaja, kilikuwa na kitanda, pazia na kijana mchangamfu aliyesema angenichoma dakika hiyohiyo "kwa kupapasa mifupa." Hapakuwa na mashine ya eksirei chumbani. Nilishukuru, nikasema nimesahau pochi kwa shemeji, nikaondoka.

Nafasi ya epidura ni milimita chache. Hata mkono mzoefu ukienda bila picha unaweza kukosea, dawa ikaishia kwenye misuli au ndani ya mshipa wa damu. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: mnatumia eksirei ya moja kwa moja, ile mashine yenye umbo la herufi C, au CT, ile ya picha za tabaka kwa tabaka? La pili: mtaweka kwanza dawa ya rangi ili kuona inakosambaa? Likijibiwa kwa kicheko, rudi nyumbani.

Swali la tatu ni jina la steroidi. Deksamethasoni ni maji meupe, unaona upande wa pili. Triamsinoloni na methilpredinisoloni zimechafuka kama maji ya kuoshea mchele, kwa sababu zina chembechembe. Chembe hizo zikiingia kwenye mshipa mdogo unaolisha uti wa fahamu au ubongo, zinaweza kuuziba. Aprili 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba steroidi za epidura, kwa nadra, zimeleta upofu, kiharusi, kupooza na kifo. Nayo haijawahi kuziidhinisha rasmi kwa matumizi hayo. Madaktari huzitumia kwa uzoefu wa taaluma, jambo lililo halali, ila ni vizuri ujue.

Shingo ni habari nyingine kabisa. Hapo nafasi ni finyu na mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo iko jirani. Mwaka 2015 vyama kadhaa vya madaktari nchini Marekani vilikubaliana kwamba steroidi zenye chembe zisipitishwe kabisa kwenye matundu ya pembeni ya shingo. Sindano ya kutokea nyuma nayo ichomwe chini kabisa, kati ya C7 na T1 (pingili ya kwanza ya kifua), na isipande juu ya C6 na C7, tena baada ya MRI kuthibitisha kwamba nafasi ipo. Kaka wa mke wangu ana diski ya shingo. Alipoeleza hayo, daktari wake alitabasamu na kusema, "Shemeji yako anakufundisha vizuri," kisha akampeleka kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Kidole gumba kiliacha kufa ganzi baada ya miezi miwili. Hakuchomwa.

Swali la nne ni chupa. Mwaka 2012 nchini Marekani, kiwanda kidogo cha kuchanganya dawa cha Framingham, jimbo la Massachusetts, kilisambaza methilpredinisoloni yenye kuvu. Watu 753 waliugua na 64 wakafa kwa hesabu ya serikali ya wakati huo, wengi wao wagonjwa wa mgongo kama sisi. Omba chupa ya kiwanda yenye kizibo, ya mgonjwa mmoja, ifunguliwe mbele yako. Nesi mzuri hatakasirika.

Kwa Tanzania, tatizo la uti wa mgongo lina mlango wake serikalini: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kwa mikoani unaanza na hospitali za rufaa za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Nenda na barua ya rufaa. Uliza bima yako kwa maandishi kama inalipia sindano, dawa na chumba cha eksirei, maana wakati mwingine inalipia kimoja na kuacha viwili.

Hatua ya 4: taja kila dawa, pamoja na zile unazoficha

Dawa za kuzuia damu kuganda ndizo za kwanza. Damu ikivujia kwenye nafasi ile nyembamba hubana neva, na mtu anaweza kupooza. Wafarini kwa kawaida husimamishwa kama siku 5 na kipimo cha INR, cha kuona damu inavyoganda, hurudiwa kabla ya kuchomwa. Klopidogreli hufikia siku 7. Rivaroksabani siku kama 3. Usizisimamishe mwenyewe. Mwenye valvu ya bandia au waya kwenye mshipa wa moyo anaweza kufa kwa kuacha dawa kuliko kwa kuumwa mguu. Daktari aliyeandika dawa na daktari wa sindano wazungumze wao kwa wao. Aspirini, vidonge vya vitunguu saumu na dawa za miti shamba nazo zitaje.

Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa, pengine wiki. Ikiwa kabla ya sindano tayari iko juu, wengi huahirisha. Nunua vipande vya kutosha vya kile kipimo cha nyumbani, upime mara nyingi kuliko kawaida, na uwe umeambiwa mapema ufanye nini ikipita kiwango fulani. Mwenye presha naye apime.

Sasa lile ambalo watu hulimeza. Kama unatumia ARV, sema, na onyesha kopo. Ukiona neno ritonavir kwenye lebo, iwe pamoja na lopinavir au atazanavir, mwambie daktari kwa sauti. Ritonavir huzuia ini kusafisha baadhi ya steroidi, hasa triamsinoloni. Sindano moja tu inaweza kukaa mwilini majuma mengi, uso ukavimba ukawa mviringo, sukari ikapanda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili zikalala. Cobicistat hufanya vilevile. Ukiona aibu mbele ya watu, omba dakika moja faragha.

Mwisho wa orodha: mimba au shaka ya mimba, kwa sababu ya eksirei, mzio wa dawa ya rangi au ya ganzi, homa, jipu au kidonda chochote kinachotoa usaha. Jino bovu lililovimba nalo linahesabika. Ukiamka na homa asubuhi ya sindano, piga simu, panga siku nyingine.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Vaa nguo pana inayofunguka nyuma au kiunoni. Mwanamke abebe khanga mbili. Kula au kutokula kunategemea kama utapewa dawa ya usingizi, kwa hiyo uliza siku moja kabla. Usingizi mwepesi hauna neno, ila usikubali kulazwa usingizi mzito, hasa kwa shingo. Sindano ikigusa neva, wewe ndiye kengele. Aliyelala fofofo hapigi kelele.

Na nenda na mtu. Si wa kukushika mkono tu, wa kukurudisha. Utaona mbele kwa nini bodaboda haifai.

Nilivyochomwa mimi ni hivi. Nililala kifudifudi, mto ukawekwa chini ya tumbo ili mgongo upinde. Nesi alinipaka dawa ya kusafishia, baridi kama maji ya mtungi, mara tatu, kutoka katikati kwenda nje. Shuka yenye tundu ikafunika kila kitu. "Mwalimu, siafu mmoja sasa," akasema daktari, na ganzi ya ngozi ikaniuma hivyohivyo, siafu mmoja, kisha kimya. Baada ya hapo nikasikia kusukumwa tu, na mashine ikilia na kunyamaza kila alipopiga picha. Sikuweza kuona kioo. Baadaye nesi alinigeuzia, nikaona dawa ya rangi imeteremka kando ya mfupa, mstari mmoja mweusi mwembamba kama mzizi wa mhogo.

Kisha ikaja dawa. Msukumo ulitoka kiunoni, ukapita kwenye tako, ugoko, ukafika kwenye kidole gumba.

"Hayo ni mapya au ni yaleyale?" akauliza daktari.

"Yaleyale, daktari. Yamefika kidoleni."

"Basi tumefika. Vuta pumzi, namimina polepole."

Ukisikia shoti ya ghafla, kali, sema "simama" papo hapo, usijikaze kiume. Msukumo unaozidi taratibu ni wa kawaida. Umeme wa ghafla si wa kawaida. Kazi nzima ilichukua kama dakika ishirini, nyingi za kujipanga.

Hatua ya 6: saa za kwanza na wiki mbili

Utakaa kitandani nusu saa hadi saa moja wakikupima presha. Kisha usiruke. Ganzi inaweza kuulegeza mguu kwa saa chache. Nilishuka kitandani kwa kujiamini na goti likakunja kama mtu aliyepigwa ngwala. Bahati mke wangu alikuwa karibu. Hapo ndipo nilipoelewa suala la bodaboda. Usiendeshe chombo chochote siku hiyo. Kama ni mbali, teksi au gari la jirani, ukae mbele na kiti kimelazwa kidogo.

Nilikuwa na daftari, asubuhi na jioni nikiandika namba kuanzia 0 hadi 10. Asubuhi kabla ya sindano 8. Jioni ileile 2, nikampigia kila mtu simu kumwambia nimepona. Kesho yake 7. Siku ya tatu 8, nikajiona nimetapeliwa. Siku ya tano 4. Siku ya kumi 2, na pale ikatulia.

Hesabu hiyo ina maelezo. Furaha ya jioni ya kwanza ni ganzi tu, nayo huisha. Siku moja au mbili za kuuma zaidi ni kawaida. Steroidi huanza kazi kati ya siku ya pili na ya saba, kwa wengine hadi wiki mbili. Kwa hiyo usiihukumu kabla ya wiki mbili. Barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kumi na tano, inatuliza pale ilipoingia sindano. Mikandio ya moto, kuchuliwa na kuogelea acha kwa siku chache.

Uso unaweza kuwa mwekundu au wa moto, usingizi ukakimbia usiku mbili tatu, kwikwi zikakusumbua. Wanawake wengine hedhi huvurugika kidogo. Haya hupita.

Kichwa kikikuuma sana ukikaa au kusimama, kikapoa ukilala, pengine utando ulitobolewa na maji yanavuja. Lala, kunywa maji, chai au kahawa, na mpigie aliyekuchoma. Kisipoisha, huchotwa damu ya mkononi mwako na kuchomwa palepale ili izibe tundu. Inashangaza, ila inafanya kazi.

Rudi hospitali mara moja, usisubiri kliniki, ukipata homa, shingo kukakamaa, usaha au wekundu unaotambaa, mguu au mkono kulegea zaidi baada ya ganzi kwisha, ganzi ya sehemu unazokalia, au mkojo kugoma.

Hatua ya 7: nafuu ikija, fanya kazi

Sindano haikurudisha diski mahali pake. Imekupa wiki au miezi ambayo unaweza kutembea na kufanya mazoezi bila kulia. Niliyatumia hivi: dakika kumi za kutembea asubuhi, nikiongeza mbili kila wiki, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, mara kumi, mara tatu kwa siku. Mtu wa mazoezi alinipa kanuni moja ambayo bado naitumia. Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, zoezi linakufaa hata kama kiuno kinauma kidogo. Yakiteremka zaidi kuelekea vidoleni, acha zoezi hilo.

Nyumbani, beseni la kufulia lilipanda juu ya meza. Ndoo ya lita ishirini ikawa mbili za kumi, moja kila mkono. Shuleni nilipata kiti kirefu cha kuegemea nikisahihisha madaftari. Kwenye daladala nasimama kuliko kukaa kiti cha nyuma juu ya tairi.

Kuhusu kurudia: kuna wanaouza "dozi ya sindano tatu" kama mtu anauza trei ya mayai. Hakuna sababu ya kuchomwa ya pili kama ya kwanza imekumaliza maumivu, wala kama haikugusa kitu kabisa na hakuna aliyejua kwa nini. Madaktari wengi hawapiti tatu au nne kwa mwaka, kwa sababu steroidi hujumlishwa: sukari, mifupa kulegea, kinga kushuka. Ya pili kwangu, ile ya mwezi wa tisa, ilinishusha kutoka 6 hadi 3, na siku ya kumi na sita nilikuwa nimerudi 6. Sikuomba ya tatu. Na kama mguu unazidi kudondoka huku maumivu yanapungua, usifurahi; huenda neva inakufa, na hapo mazungumzo ni ya upasuaji.

Kabla hujatoka chumba cha sindano omba karatasi yenye mambo manne: pingili na upande uliochomwa, njia waliyopita, jina la steroidi na kipimo chake, na kama kulikuwa na tatizo lolote. Itie kwenye bahasha ya MRI. Mara ya kwanza sikuiomba. Mara ya pili daktari mwingine aliniuliza, "Walikuweka dawa gani?" Nikamjibu ilikuwa nyeupe.

"Nyeupe ya maji au nyeupe ya maziwa, mwalimu?"

Nikabaki namtazama.